Amri Moja kwa Ofisi Zote

Mkubwa wangu aliniahidi hivi: siku ofisi zetu zote za nje zitakapotumia kifaa kimoja cha programu cha kupanga mtandao, atatia sahihi barua yangu ya uhamisho. Mke wangu na binti yetu wako Nyeri, na mimi niko Garissa mwaka wa nne, nalala chini ya feni. Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Kompyuta zetu zinatumia mfumo huria, ule usiolipiwa leseni, lakini kila fundi aliyepita aliupanga mtandao alivyopenda. Ofisi ya Takaba niliikuta na mafaili matatu yanayopingana. Mandera amri ilikuwa imeandikwa ukutani kwa kalamu. Basi nikabuni kitu kimoja: faili moja, amri moja, iwe ni dishi la setilaiti, waya au modemu ya laini ya simu. Nilikiandika peke yangu, jioni na wikendi, kwa hasira zaidi kuliko ustadi. Mwenzangu wa pekee, kabla hajaacha kazi, aliniomba nimweleze kinavyofanya kazi. Nilimwambia angoje kiishe, nilivyo na kiburi.

Nilikiwekea kinga. Nikibadilisha mtandao wa ofisi ya mbali, kinangoja dakika tano mtu wa huko abonyeze ndiyo. Asipobonyeza, kinarudisha mipango ya zamani, ofisi isije ikakatika kabisa.

Ofisi zote zilikubali isipokuwa Buna. Mara ya kwanza nilituma saa saba mchana, wote wakiwa msikitini, nikawalaumu wao badala ya saa niliyoichagua. Mara ya pili nilituma saa nne asubuhi. Mipango ikarudi vilevile. Ya tatu pia. Nikampigia karani wa huko, mama mpole wa Kisomali ambaye hushika simu zote za ofisi ile; p kwake hutoka b, na kila mtu humwita walaal, yaani ndugu.

“Bole, walaal,” alisema. “Hiyo swali mimi naiona. Mimi nabonyeza habana.”

“Kwa nini, mama?”

“Wewe nataka kwenda kwenu. Hii mashine ikiharibika, mimi nabigia nani simu?”

Nilichemka; kumbe habari za uhamisho zilikuwa zimefika hadi Buna. Nilimwambia uhamisho wangu haumhusu, kazi yake ni kubonyeza. Akasema, “Haya, walaal. Inshallah.” Kesho yake asubuhi alibonyeza ndiyo, na mimi nikaona aibu badala ya furaha.

Hata hivyo nilichapisha ripoti, nikaenda kwa mkubwa. Aliisoma yote, akanisifu, akaivuta barua yangu karibu na kufungua kalamu.

“Na ukiondoka,” akauliza, “nani mwingine anakijua?”

Aliyewahi kuniomba nimweleze alikuwa ameshaacha kazi. Nilikuwa nimejitia kitanzi mwenyewe, fundo kwa fundo, na kila fundo nikilifurahia.

“Mfundishe mtu kwanza,” alisema, akaifunika kalamu.

“Mtu yupi, mzee? Fundi ni mimi tu.”

“Tutaomba tuletewe mwingine.” Alinipa mkono wa pongezi na kuniomba nifunge mlango nikitoka.

Jioni mke wangu alipiga simu. Alikuwa ameshahamisha nguo zake kutoka upande mmoja wa kabati, anataka kujua kama nafasi hiyo itatosha nguo zangu. Nilimwambia azirudishe.