Silanga Inayongojea Wageni

Jumamosi, saa kumi na moja jioni, Susu, nyanya yangu, alirudi kutoka mkutano wa kikundi chetu cha maji na kutupa jembe mlangoni. Silanga yetu hapa Kalama, bwawa ambapo tunateka maji ya mvua, imejaa matope, na mawingu yameanza kukusanyika. Lakini mwenyekiti ameambia kikundi kisichimbe. Wafadhili kutoka ng'ambo watakuja kuiona mwezi ujao, na wakikuta imechimbwa watasema hatuna shida.

"Ati tukae na matope ndio tuonekane maskini!" Susu alisema. "Na mvua nayo itangoja mfadhili?"

Mama akacheka. "Si hao wageni wako na tingatinga? Wewe unataka kuvunja mgongo bure."

Susu akanigeukia mimi, ambaye hata sikuwa nimefungua mdomo.

"Mwanangu, wewe unayesoma, hebu sikia. Nakumbuka siku moja nikiwa msichana kama wewe. Mzungu wa serikali alikuwa ametuchimbisha mitaro ya kuzuia udongo, askari wamesimama nyuma yetu na viboko. Siku alipohamishwa tuliimba, tukaanza kuifukia yote, kwa sababu ilikuwa yake. Mamangu akaja akaninyang'anya jembe. Akaniuliza, 'Kwani huyo mzungu ameenda na shamba?' Nikamwambia hapana. 'Basi mvua ikibeba udongo, itakuwa imebeba wa nani?'

"Wakati ule tulikataa kazi kwa sababu mgeni ameiagiza. Leo tunaikataa kwa sababu mgeni hajaileta. Ai! Sisi wenyewe tunataka nini? Mgeni akija na tingatinga, mpe chai, mshukuru, mwonyeshe mahali umefikia. Lakini asikukute umekaa. Na kiongozi akikwambia ungoje, angalia kwanza kama kwake kuna tangi la maji. Huyu wetu yuko na mawili. Haya, Mungu akulinde, mwanangu, akupe na mdomo, maana huo ulio nao umeufunga sana."

Mama alicheka tena. Nilienda kulala nikiwa nimekasirika, sijui hata na nani.

Leo asubuhi, kabla ya kanisa, nilichukua jembe na karai nikaenda silanga peke yangu. Nilikuwa nimetoa makarai machache tu mwenyekiti alipopita na suti yake.

"Wee msichana! Ni nyanya yako amekutuma?"

Nikamwambia sijatumwa na mtu, nikajaza karai lingine.