Nguruwe wa Sherehe ya Malie

Kamalu hakuwa amegusa ubao wake wa kuteleza juu ya mawimbi tangu binti yake Malie azaliwe. Kazi ya bandarini, zamu za usiku za mkewe Leimomi, na baba yake Hanale wa kupelekwa kliniki kila mara, vyote vilimfunga nchi kavu, ingawa akiwa uani kwake Waianae aliyasikia mawimbi ya ufuko wa Makaha yakipasuka.

Malie alipotimiza mwaka, ukoo mzima ulialikwa, maana mwaka wa kwanza wa mtoto hauachwi upite hivihivi. Kabla ya mapambazuko wanaume walimshusha nguruwe kwenye shimo la mawe ya moto, wakamfunika kwa majani na magunia yaliyoloweshwa maji, kisha udongo juu. Kisha mzee Hanale, aliyelinda mashimo ya ukoo ule maisha yake yote, akamkabidhi mwanawe koleo. Kazi ilikuwa moja: mvuke ukitokeza mahali, pazibwe papo hapo, maana mvuke ndio unaoivisha nyama. Mzee akaenda kulala.

Asubuhi rafiki mmoja alipita na gari lililopakia mbao za mawimbini, akapunguza mwendo, akasema mawimbi kama ya leo hayajaonekana mwaka mzima. Kamalu akajiambia atapanda matatu tu. Alipanda matatu, kisha akaacha kuhesabu. Kule majini hakuwa baba wala mtoto wa mtu, na hilo hasa ndilo alilolipenda. Tusimpambe.

Aliporudi, upande mmoja wa shimo ulikuwa umefunguka na mvuke umekwisha kutoka. Angeweza kumwamsha baba yake. Muda wa kuwasha moto mwingine bado ulikuwepo. Badala yake alirundika udongo, akausawazisha, akabadili kaptula, akanyamaza.

Alasiri shimo likafunuliwa mbele ya wageni. Nyama ilikuwa nyekundu, na damu bado mfupani. Kabla hajaulizwa mtu, mzee Hanale akasema, "Ni mimi. Nilimpokea kijana zamu, usingizi ukanipitia."

"Mzee, si ungetuambia tuje na nyama ya kopo," akasema Palani, kaka yake Leimomi. "Nguruwe huyu ukimwachia anarudi bandani kwa miguu yake."

Watu wakacheka, na mzee akacheka nao. Kisha Palani akaongeza, bila ubaya, kwamba safari nyingine shimo wapewe vijana. Hanale akaitikia kwa kichwa, akiitazama mikono yake.

Kamalu alikuwa bado na chumvi ndevuni.

"Hakulala," akasema. "Mimi niliondoka, nikaenda Makaha. Niliporudi nikafukia."

Kicheko kikakatika. Leimomi akamhamishia mtoto mkono wa pili, akamgeuzia mumewe mgongo.

"Ungeniamsha," baba yake akasema, wala hakupandisha sauti. "Ningekuja."

Nguruwe akakatwakatwa, akapelekwa jikoni. Kamalu alisimama pale akikaanga vipande mpaka jua likazama. Kila aliyeleta sahani alipokea nyama, akashukuru, akatoka bila kumtazama usoni.