Tundu la Kumi na Sita

Harufu ya transfoma iliyoungua haina mwenzake, na Bi Omu aliinusa kabla amplifaya haijavuka kizingiti. Wapigaji wawili wa bendi walikuwa wameibeba kwa kuhema. Mwimbaji aliwafuata nyuma mikono mitupu, maana yeye mzigo wake ulikuwa mdomoni.

"Hii ni mara ya tatu, Bi Omu. Itazame kwa mara ya mwisho. Tumeshaongea na fundi mwingine, na watu wataambiwa kwa nini."

Omu ni kipimo cha mafundi umeme cha ukinzani, na jina hilo alipewa kwa sababu hachomeki waya asioupima. Miaka ishirini na mbili amekaa kwenye meza ile. Mwanzoni wateja walikuwa wakichungulia juu ya kichwa chake na kuuliza fundi yuko wapi. Aliyameza hayo mpaka akawa yeye ndiye anayetafutwa, na leo jina zima litupwe jalalani kwa valvu, zile taa za kioo za kukuza sauti, ambazo hakuziua yeye!

"Tokeni nje nyote," alisema. "Kaka abaki."

Kaka yake, mpiga gitaa la kwanza, alikuwa amejibanza kando ya mlango. Bi Omu aliigeuza amplifaya. Nyuma ina matundu matatu ya spika: la omu nne, la nane, la kumi na sita. Bendi ina spika mbili za nane nane, na zikiunganishwa pamoja kama alivyoziunganisha yeye zinakuwa nne, basi zinaingia tundu la nne, hakuna mjadala. Ukizitia kwenye la kumi na sita, valvu zinabebeshwa mzigo usio wao, zinaiva nyekundu, zinakufa. Alishawaeleza, akawachorea, mwishowe akaliziba tundu lile kwa utepe na kuandika USIGUSE kwa wino mwekundu. Utepe ulikuwa umebanduliwa taratibu, kwa ukucha. Katika bendi nzima, anayefuga ukucha wa kidole gumba ni mmoja tu.

Alimsukumia kaka yake ule utepe usoni. "Ni wewe?"

"Nilitaka sauti iwe kubwa, mdogo wangu. Kumi na sita si ndiyo kubwa?"

"Kubwa! Mnasikika mpaka barabara ya pili!" Damu ilimchemka. Aliinamia amplifaya, akaendelea kufoka huku amempa mgongo. "Mara tatu natukanwa mbele yako, na wewe kimya kama maji ya mtungini. Kwa nini hukusema?"

Hakujibiwa. Aliuliza tena, kwa ukali zaidi, kisha akageuka. Kaka yake alikuwa anamtazama midomo, anangoja ifunguke.

"Kaka, nimekuuliza nini?"

"Umeuliza... itachukua siku ngapi?"

Bi Omu aliweka bisibisi chini. Safari hii alisema polepole, uso kwa uso. "Tangu lini husikii?"

"Tangu mwaka jana. Wakijua, wananitoa."

"Kwa hiyo ukaona heri nitolewe mimi."

Kaka alitazama sakafu. Huruma ilimjia Bi Omu, naye akaichukia kwa kuja wakati ule, maana hasira yake ilikuwa ya haki na alikuwa hajaimaliza. Alimshika kidevu, akamwinua uso ili amwone vizuri.

"Masikio ni yako, siri ni yako, sitaigusa. Lakini jina ni langu. Nenda ukawaambie nani aliyechomeka."

Kaka alitoka. Kupitia mlangoni Bi Omu alimwona akimvuta mwimbaji kando, akiinama, akiziba mdomo kwa kiganja kama mtu anayenong'ona.

"NI MIMI NILIYECHOMEKA VIBAYA!" sauti ilitua ng'ambo ya barabara. Cherehani za mafundi nguo zikasimama. Mwimbaji alirudi nyuma hatua mbili, na kaka akamfuata, akamsogelea sikioni kabisa.

"MENGINE NITAKWAMBIA BAADAYE! HAPA WATU WATASIKIA!"