Jembe Nililolipeleka Ziwani

Nilitoka Butembo kwenda kumrudisha nyumbani Kasereka, mwanangu wa tatu. Wakati ule wa vita askari walikamata vijana njiani na kuwabebesha mizigo. Naye alikuwa amekimbilia kisiwa kidogo cha Ziwa Edward, ambako watu wachache walikuwa wameanza kuvua samaki. Niliona ni aibu mtoto wa mlimani kuacha shamba. Nikachukua jembe na mbegu za maharagi.

Usiku wa kwanza nililala Kyondo kwa ndugu wa kanisa. Siku ya pili niliteremka tambarare, joto likanivua koti. Kutoka Kyavinyonge, kando ya ziwa, nilivushwa kwa pirogi, mtumbwi wa wavuvi.

Kisiwani nilikuta vibanda vitano vya matete. Kasereka alinipokea kwa heshima, lakini nilipotaja kurudi alinipa chakula. Nikasema nitangoja jibu. Nikingoja, nililima udongo uliokuwa wazi nyuma ya kibanda chake, nikapanda maharagi, kwa kuwa ardhi tupu hunisumbua macho. Kavira, mjane aliyekausha samaki wa kambi, alinionya kwamba viboko hupita hapo. Nilimjibu kwamba sikuvuka ziwa ili nifundishwe kulima.

Siku ya nane maharagi yalikuwa yamechipuka. Siku ya tisa hayakuwapo. Kiboko alikuwa ameyala, kisha akapita juu ya wavu ulioanikwa kando na kuurarua, ule mmoja uliolisha kambi nzima.

“Mzee,” akasema Kavira, “umealika mugeni, na hukumuonyesha kiti.”

Watu walicheka kidogo, kisha wakautazama wavu.

Kasereka alinipa kamba. “Papa, unajua kusuka vitunga. Tushone. Bila wavu, batoto hapana kula.”

Tulishona siku tatu. Kila fundo nililokosea alilifungua bila neno. Mimi, alipokosea mistari ya shamba utotoni, sikunyamaza hivyo.

Wavu uliporudi majini, alisema: “Papa, nikirudi batanikamata. Huku niko mutu.”

Nikaenda kuchukua jembe. Jembe nilimwachia Kavira, achimbie nguzo mpya za kuanikia wavu, mbali na njia ya viboko.

Nilipofika Butembo, mke wangu alitazama nyuma yangu, akauliza mtoto yuko wapi. Nilimkabidhi samaki wa moshi.

“Yuko mu shamba yake,” nikamwambia. “Tumuache avune.”

Tangu safari ile, nikifika ugenini, jembe hukaa begani mpaka nimeuliza ni nani hupita hapo.