Chaneli ya Mama Narudia

Kila aliyewahi kusafiri kutoka kituo kikuu cha mabasi alimjua Mama Narudia, na karibu hakuna aliyewahi kumwona. Alikaa kwenye kibanda cha kioo juu ya ofisi ya tiketi, mbele ya kipaza sauti, akitangaza kwamba basi la saa nne asubuhi liko mlango wa tatu na abiria waanze kuingia. Kisha alivuta pumzi na kusema, "Narudia." Na kweli alirudia, neno kwa neno, polepole, kila silabi imeoshwa na kuanikwa. Wachukuzi wa mizigo ndio waliompa jina hilo, likamganda.

Lingekosaje kuganda, wakati mwenyewe alirudia hata nje ya kazi? Sokoni aliagiza nyanya mara mbili, muuzaji akampimia mara mbili, wakagombana wote wawili huku kila mmoja ana haki.

Mumewe alimpata kwa njia hiyohiyo. Enzi hizo alikuwa dereva wa basi la masafa marefu, lile la saa nne asubuhi, kijana mwenye mabega na kofia ya kazini iliyokaa upande. Kila akitangaziwa kuondoka alipanda ngazi hadi kwenye kibanda, akainama kwenye tundu la kioo na kusema, "Sikusikia vizuri. Hebu rudia." Alikuwa anasikia vizuri kabisa, kituo kizima kilijua. Abiria walimsubiri garini wakinung'unika, naye yuko juu anarudiwa. Wakaoana, wakazaa, wakasomesha, watoto wakatawanyika na maisha yao.

Halafu wakubwa wa kituo wakamwita Mama Narudia kwenye chumba kilichotandikwa sponji ukutani, wakamwomba asome saa zote, milango yote na safari zote, mbele ya kijana aliyevaa visikizi masikioni, anarekodi. Alidhani anaenziwa. Alishona hata gauni jipya kwa ajili ya siku ile. Baada ya muda mashine ikafungwa pale kituoni, ikawa inaunga vipande vya sauti yake na kutangaza yenyewe, na yeye akakabidhiwa cheti, saa ya ukutani na mkono wa kwaheri. Kama huo si uchokozi, basi neno hilo halina kazi. Nyumba yao haikuwa mbali, na upepo ukivuma kutoka upande wa kituo, Mama Narudia alijisikia mwenyewe akitangaza huku amesimama jikoni anamenya vitunguu.

Hapo ndipo alipoingia wifi yake, dada mdogo wa mumewe. Huyu ana duka la kudurufu na kupiga picha za pasipoti, na kwa kuwa anamiliki mashine mbili zenye waya, anajihesabu mtu wa teknolojia. Ana roho nzuri na mdomo usiopumzika.

"Wifi, sauti hiyo usiiache ikachacha jikoni," alisema, akijikaribisha kwenye kiti. "Tufungue chaneli mtandaoni. Watu wanatengeneza video za kufunga kamba za viatu na wanatazamwa, itakuwa wewe?"

"Nitasema nini? Mimi maisha yangu yote nimeandikiwa cha kusema."

"Tutapanga. Kwanza tupime mwanga. Kaa pale, sema lolote."

Simu ikaegemezwa kwenye kopo la sukari. Mama Narudia akakaa wima na kilemba chake cha bluu, akaitazama simu usoni kana kwamba ni abiria aliyepotea, na kwa kukosa la kusema akatangaza: "Dereva wa basi la saa nne asubuhi, chai yako iko mezani na inapoa. Narudia. Dereva wa basi la saa nne asubuhi, chai yako iko mezani na inapoa."

Wifi alicheka mpaka akashika mbavu. Akairusha hewani, eti tu kuona kama chaneli inafanya kazi, akaiita Jaribio.

Kupanga kwenyewe sasa. Wakageuza kalenda ya zamani, wifi akachora mistari kwa rula. Jumatatu usafi wa nyumba, Jumatano maandalizi ya safari, Ijumaa ushauri wa ndoa. Kila wazo likipata mstari wake, wifi aliuliza swali moja, alilolisikia kwa mtaalamu fulani na kulipenda: "Hapa unaongea na nani?" Mama Narudia alijibu, "Na watu." Wifi alitikisa kichwa kwa huruma ya mtu anayejua. "Watu si jibu, wifi. Lazima umwone mtu."

Hakumwona mtu. Kwenye video ya kutoa madoa ya mafuta aliliona sinki. Kwenye ile ya kupanga begi la safari alieleza vizuri, viatu chini, nguo za kukunjika juu, lakini wifi alipomaliza kuihariri, kila alichokirudia kilikuwa kimekatwa, na mama wa watu akaonekana anapanga begi kama mtu anayefukuzwa na polisi.

"Lakini nilisema mara mbili," alilalamika.

"Ndiyo maana nimekata. Watu hawana muda. Ukirudia, wanahama."

Ushauri wa ndoa ulikufa kabla ya kuzaliwa. Alijipodoa, akakaa, akafungua mdomo, na maneno yakamwishia. Atamshauri nani? Tangu yeye atolewe kazini, mumewe hazungumzi naye. Si kwamba wamegombana. Mzee alistaafu akiwa mcheshi, lakini mwaka huu amekuwa mtu wa pembeni: ameacha kwenda kucheza drafti na wenzake, wageni wakija anatabasamu na kunyamaza, akiongeleshwa anajibu "ndiyo" na kuendelea na yake. Siku moja, macho yakiwa kwenye kalenda iliyobandikwa ukutani, Mama Narudia alimuuliza huku akikoroga sufuria, "Hebu niambie, wewe ungependa kutazama nini?"

"Ndiyo," akajibu mzee.

Alijikaza asilie mbele ya sufuria. Siku zote hizi hakuwa akitafuta umaarufu, na alimwacha wifi aamini hivyo kwa sababu ilikuwa rahisi. Alitaka kujua kitu kimoja tu, kama bado yuko mtu duniani anayetaka kumsikiliza yeye mwenyewe, si vipande vyake kule kituoni. Sasa ilimjia kwamba jibu huenda ni hapana, na kwamba linaanzia nyumbani kwake. Ilimuuma sana.

Watazamaji wa chaneli nao hawakumfariji. Alikuwepo wifi, walikuwepo wateja waliolazimishwa wakisubiri picha za pasipoti, na walikuwepo watoto wake wawili, ambao waliandika "safi sana mama" haraka kiasi kwamba hawangeweza kuwa wametazama. Video zote zilidorora. Zote isipokuwa Jaribio. Ile ilipanda. Kila siku imepanda kidogo, ikaipita ya madoa, ikaipita ya begi, ikaziacha mbali.

Wifi alipagawa. Akaichunguza kama daktari anayesoma picha ya mifupa.

"Ni kilemba," akaamua. "Bluu inavuta macho."

Wakarekodi tena na kilemba cha bluu. Wapi. Wakarudi kwenye ukuta uleule, saa ileile. Wapi. Wakafika mahali pa kuhangaikia kopo la sukari, kwa kuwa siku ya Jaribio lilikuwa tupu na sasa limejaa, huenda simu imekaa juu zaidi. Wakalipunguza sukari. Wanawake wawili wazima, wenye akili zao, wanapunguza sukari kwenye kopo ili watazamwe. Kitu pekee ambacho hawakukirudisha ni kule kurudia, maana wifi mkasi wake ulikuwa palepale.

Ukweli ulipatikana mchana mmoja wa kawaida, na haukupatikana kwenye kalenda.

Mama Narudia alitoka uani kumwita mumewe kula. Alimkuta nyuma ya tangi la maji, amekaa kwenye kreti, amempa kisogo, simu iko mkononi. Hatua chache nyuma yake bomba lilikuwa wazi, ndoo imejaa, maji yanamwagika sakafuni kwa kelele. Mzee hana habari. Mwanamume ambaye kwa miaka yote alikuwa akiinuka kitandani kwa ajili ya tone moja.

"Chakula tayari," akasema.

Mzee hakugeuka.

"Wewe, mzee. Chakula tayari."

Akasogea hadi karibu na bega lake, hasira imempanda, tayari kusema mengine. Ndipo alipoona kilichokuwa kwenye simu. Alikuwa yeye, amekaa wima na kilemba cha bluu, na sauti ya simu imezimwa kabisa. Kinywa chake kilikuwa kinafunguka na kufungika bila kutoa neno. Na mumewe, macho yamekazwa hapo, alikuwa akifuatisha kwa midomo yake mwenyewe: dereva wa basi. Saa nne asubuhi. Chai yako. Video ikaisha, kidole kikagusa, ikaanza upya.

Hasira ikamtoka yote. Alisimama pale na maji yanapita kwenye kandambili zake, akapanga mambo ya mwaka mzima moja baada ya jingine: drafti, wageni, zile "ndiyo". Halafu akainama akafunga bomba, na alipoinuka alimgusa begani.

Mzee alishtuka, akaificha simu kwapani kama mtoto aliyekutwa na sukari.

Hakumsemesha akiwa amesimama. Aliigeuza ndoo nyingine chini juu, akaketi mbele yake, wima, akamtazama usoni. "Husikii," akasema polepole. "Narudia. Husikii."

Mzee aliangalia pembeni, kisha akakubali kwa kichwa. "Hili la kushoto limekwisha. La kulia linaokoteza okoteza." Akaligonga goti lake la kushoto kwa kiganja. "Mabasi yetu yale injini ilikaa hapa, ubavuni. Imenilia sikioni ujana wote."

"Na hukuniambia."

Hilo alilipata mara moja, bila kurudiwa. Akasema, "Ulirudi na kile cheti chako ukaniuliza kama sauti yako imechoka. Unakumbuka? Ulikaa pale kitandani, na lile gauni uliloshona. Ndiyo kwanza nilikuwa nimetoka kwa daktari wa masikio. Sasa nikwambie nini? Kwamba wao wamekutoa, na mimi sikusikii?" Akaitoa simu kwapani. "Ndani unaongea na sufuria, unaongea na mlango, unaongea unatembea. Siwezi kukufuata. Hapa unasema polepole, mara mbili. La kwanza likinipita, nalidaka la pili. Na unanitazama."

Mama Narudia alilia hapohapo kwenye ndoo, waziwazi. Alilia kwa sababu alimhukumu vibaya, na kwa sababu alikuwa amefurahi, na hakujaribu kuvitenganisha.

Wifi alipofika jioni na mpango mpya wa wiki, alikuta ule wa zamani umebanduliwa ukutani. Alielezwa. Alimtazama kaka yake, akamtazama tena, kisha akaegemeza simu kwenye kopo la sukari.

"Leo tunarekodi nini?" akauliza, kwa sauti ya chini isiyo yake.

"Alivyovikosa," akasema Mama Narudia.

Vilikuwa vingi. Kile mtoto wao mkubwa alichosema kwenye simu wakati mzee anatabasamu tu. Kichekesho cha jirani ambacho yeye alikicheka kwa kuwafuata wengine. Ugomvi wa fundi bomba na mkewe, uliosikika mtaa mzima isipokuwa kwake. Kila siku aliketi, akasimulia jambo moja, akavuta pumzi, akalirudia. Wifi hakukata hata neno. Siku moja mtu wasiyemjua aliandika chini ya video kwamba bibi yake anazitazama na amecheka, na kwamba tafadhali mama asiongeze kasi. Baadaye wakaja wengine wa aina hiyo, si wengi. Wifi alianza kuwahesabu, akasahau, akajikuta anaongea polepole hata na wateja dukani.

Lakini siku ile ya kwanza watazamaji walikuwa bado ni mmoja. Mzee aliletewa kiti, akawekwa nyuma ya simu, ili mkewe amwone yeye badala ya kamera. Alikuwa amevaa ile kofia ya kazini. Mama Narudia akaanza na fundi bomba, akaenda naye taratibu hadi pale mke aliporusha fagio dirishani, likaingia kwenye ndoo ya rangi ya mpaka rangi aliyekuwa anapita. Akanyamaza kuvuta pumzi.

Kabla hajasema "narudia", mzee alikuwa tayari amecheka. Alicheka palepale penye fagio, kicheko chake cha zamani. Wifi aliona, mke naye aliona.

Kisha mzee akajitengeneza uso, akasogeza kofia ikae upande, akainama mbele kama kwenye tundu la kioo.

"Sikusikia vizuri," akasema. "Hebu rudia."