Jani la Saba la Nabwile

Ukiulizia vitambaa vya kochi pale soko la Kitale, utaelekezwa kwa Rosaline Wamboi, ambaye wengi humwita Mama Gathii, kibanda chenye mlango wa bluu. Rosaline hufuma huku akipiga stori, huku akitafuna mahindi, hata huku akiangalia kama mvua inakuja. Na ana maringo yake: kitambaa kilichopinda hakitoki kwake.

Mwezi wa nne, Mwalimu Nasimiyu wa Bungoma alimletea vitambaa vitano vya zamani vilivyofungwa kwenye leso. Vilifumwa na mama yake, marehemu Nabwile, alipokuwa bado msichana. Sasa nyanya yake Nasimiyu, Kukhu Nakhungu aliyemzaa Nabwile, macho yamezima na baridi ya Lugulu inamtesa.

"Mama Gathii, uviunganishe viwe shali," mwalimu alisema. "Nataka Kukhu abebe mtoto wake mabegani."

"Wewe nenda ukafundishe. Siku kumi tu, itakuwa tayari."

Vinne vilikuwa vidogo, havina makuu. Cha tano kilikuwa kikubwa, kile cha mgongo wa kochi, na katikati yake limeshikizwa ua. Rosaline alihesabu majani yake mara mbili. Saba! Tangu mama yake amfundishe kufuma kule kijijini Kwanza, ua ni majani sita. Hili la saba lilikuwa limejibana kama mtu aliyechelewa kanisani akalazimisha nafasi kwenye benchi.

"Maskini, alikosea," akajisemea. Akalibandua ua, akalifumua lote, akafuma jipya kwa uzi mpya. Majani sita, sawasawa. Akalipiga picha na kumtumia mwalimu.

Simu ikalia papo hapo.

"Mama Gathii, jani la saba liko wapi?"

"Si lilikuwa makosa? Nimerekebisha."

"Kukhu haoni. Kitambaa cha mama anakijua kwa kuhesabu yale majani na vidole. Asipofika saba, atasema hii si ya mtoto wake. Hataivaa."

Rosaline aliketi. Kazi ya mkono wa marehemu, ameivunja kwa sababu ya maringo! Akakumbuka uzi aliofumua. Ulikuwa kwenye mfuko wa mabaki, na mabaki huchukuliwa na jirani yake Emmy, muuza mboga, kufungia sukuma wiki.

"Emmy! Ule uzi wa zamani umefungia nini?"

"Bado, bana. Kwani ni wa dhahabu?"

Rosaline alimpokonya mfuko. Uzi ulikuwa umejikunjakunja kama nywele za mtoto aliyetoka kuoga. Alitaka kuunyoosha, mkono ukasita. Uzi huo ulikaa kwenye mishono zaidi ya miaka thelathini. Kila mkunjo ni pale Nabwile alipoukunja. Akaufuata. Uzi ulipopinda, naye akapinda. Alipokosea, mkunjo ulitokeza nje, naye akarudi nyuma. Siku mbili hakupiga stori na mtu. Emmy akadhani amegonjeka. Jani la saba lilipofika, lilijibana lenyewe mahali pake.

Shali ilipokamilika, hakuthubutu kuituma. Aliipeleka Lugulu mwenyewe, wakaingia na mwalimu. Kukhu aliipakata, vidole vikatembea mpaka kwenye ua.

"Moja. Mbili." Rosaline alikuwa ameshika kikombe cha chai bila kunywa. "Tano. Sita." Kidole kikasimama, kikasogea. "Saba! Huyu Nabwile! Nilimwambia ni sita. Kichwa ngumu huyo!"

Mwalimu akacheka huku akijifuta macho. Lakini vidole vya Kukhu vilikuwa vimerudi nyuma.

"Na hii fundo? Mtoto wangu hakufunga hapa."

Rosaline angeweza kunyamaza. "Ni mimi, Kukhu. Nililifumua ua hili, nikidhani ni makosa. Nimelirudisha na uzi wake ule ule."

Kukhu akageuza uso upande wa ile sauti. Kisha akaanza kucheka, mabega yakitikisika.

"Ulifumua? Hata mimi nililifumua. Mara mbili! Akarudisha saba yake mara mbili." Akajivutia shali mpaka shingoni. "Sasa amekushinda na wewe."

Rosaline akashusha pumzi. Chai ilikuwa imepoa kabisa. Akainywa yote, akaomba ingine.