Maganda ya Kahawa Ndani ya Chokaa

Naikumbuka siku moja kwa harufu ya samadi, mwanangu, nawe cheka tu, lakini siku hiyo ndiyo iliyonifundisha kunyamaza. Jana uliniambia vidonge vyako vya maabara havinasi hewa ya ukaa, na kwamba umeamua kuongeza presha. Nilitaka kukujibu palepale, nikaona nikae kwanza, maana jibu langu lina msiba ndani yake.

Vita vya themanini na sita vilikuwa vimekwisha miaka michache tu. Tulikaa mtaa wa Kasubi, mimi, Mama na kaka yangu Haruna. Haruna na mdogo wetu Swalehe walikwenda vitani pamoja, akarudi Haruna peke yake, na juu ya Swalehe hakusema neno. Mama hakutaka habari za mapigano. Alitaka kujua jambo moja, kama mwanawe alizikwa au aliachwa juu ya ardhi. Basi tukamwuliza Haruna. Tulimwuliza akinawa, akila, akivua viatu. Wajomba wakaitwa nao wamwulize. Mkali kuliko wote nilikuwa mimi, maana nilijiona msomi, nikamhoji kama hakimu. Asubuhi ya siku hiyo ya samadi aliacha chai yake mezani, akachukua mfuko wake akaondoka. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Nasi kweli hatukumwambia toka.

Nilifika chuoni nimefura. Kazi yetu ilikuwa kusafisha gesi ya samadi, kwa kuwa ina hewa ya ukaa nyingi na moto wake huwa dhaifu. Nilikuwa nimetengeneza vidonge vya chokaa na udongo wa mfinyanzi, ili gesi ikipita kati yake, chokaa iinase ile hewa. Vilikuwa vizuri, wacha nijisifu kidogo. Nilivishindilia kwa mashine mpaka vikawa laini kama peremende, ndipo nikavichoma. Gesi ikapita, ikatoka vilevile ilivyoingia. Nikaweka mawe juu ya mfuko wa gesi ili isukumwe. Wapi! Nikaongeza mawe, mpira ukachomoka, maabara nzima ikanuka zizi.

Mwalimu wangu, Mzee Kizito, hakugomba. Alifungua madirisha, akavunja kidonge kimoja, akadondoshea ile dawa inayogeuka nyekundu panapo chokaa ambayo haijafanya kazi. Ukingoni hapakubadilika kitu. Katikati pote pakawa pekundu.

"Tazama, nnyabo," akasema, akiniita bibie kwa lugha ya kwetu. "Chokaa imo, inangoja. Njia ya kuifikia hukuiacha, halafu unasukuma."

"Sasa nifanyeje, Mwalimu?"

"Changanya maganda ya kahawa. Yataungua tanurini yaache vinjia. Gesi itaingia yenyewe, taratibu." Kisha akanitazama. "Na hasira hizi, ni za hapa au umetoka nazo nyumbani?"

Nikamweleza habari za Haruna. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Tangu arudi, umewahi kuzungumza naye jambo lolote lisilokuwa hilo?"

Hata siku moja, mwanangu. Niliona haya hata kumtazama usoni.

Haruna tulimpata mtaa wa Kabalagala, analinda lango la baa. Kila Jumapili nikawa nampelekea katogo, ndizi na maini alivyopika Mama kwa mkono wake. Tuliongea mpira, mvua, walevi wake, na vidonge vyangu vipya, ambavyo alivicheka kuwa vinafanana na mkate ulioliwa na panya. Lakini vilinasa, na moto wa gesi ukawaka imara. Ya kaka ndiyo yaliyonishinda, kwa sababu kila nikirudi Mama alikuwa akinisubiri mlangoni.

"Kasema?"

"Bado, Mama."

"Si umwulize basi."

"Tukimwuliza atajifunga tena. Nawe nakuomba, akija usimwulize."

Alipokea bakuli tupu akaenda kuliosha. Sijui nilimtesa au nilimsaidia, mpaka leo sijui. Kisha akaanza kuugua kifua. Haruna alipopata habari akaja, akaketi kitandani akimkanda miguu jioni nzima. Mama hakuuliza. Alimwambia tu, "Umekula, mwanangu?" Haruna akalia, akarudi kazini kwake. Kesho yake Mama akafariki.

Husemwa mvumilivu hula mbivu. Mimi nilivumilia, Mama hakuila.

Haruna alishuka kaburini kumpokea Mama. Alipopanda, mikono yake ina udongo, akanivuta kando bila kuulizwa na mtu.

"Swalehe nilimzika mwenyewe," akasema. "Nilimfunika kwa shati langu. Kila nilipofungua mdomo mlikuwa mmeshauliza la pili. Juzi Mama aliponiuliza kama nimekula, nikaona sasa naweza. Nikasema nitamwambia kesho."

Hilo ndilo jibu, na aliyelitaka alikuwa chini ya udongo ule.

Kwa hiyo ondoa hiyo presha, mwanangu. Vunja kidonge kimoja utazame katikati kabla hujakilaumu. Na ujue maganda huchanganywa udongo ungali mbichi, kidonge kikishachomwa umechelewa. Na nyumbani ni hivyohivyo. Yale mazungumzo ya mvua na mpira unayoyaona ya kupoteza wakati, ndiyo yanayoacha njia, na siku neno zito litakapotaka kupita, litapita. Yaanze mapema. Sisi tulianza tukiwa tumechelewa kwa siku moja.

Mola akupe masikio mapana na ulimi usio na pupa. Anayekupenda asikose pa kupitia, na unalotaka kuniambia mimi mama yako, ulifikishe ningali nakusikia. Haya, nenda. Umekula lakini?